Shajara ya safari ya mama: kutoka noti ya yuan 20 hadi milima ya Zhangye

Jumamosi, 11 Januari 2025

Mradi umeanza kwa noti. Jana baada ya Isha nilikaa sebuleni nikihesabu fedha za Kichina zilizobaki kwenye safari yangu ya mwisho ya Guangzhou, mama yuko pembeni anasuka ukili wa mkeka. Akaiokota noti ya yuan 20, ile ya rangi ya kahawia, akaigeuza nyuma, akaisogeza karibu na taa.

"Baba, milima gani hii?"

Sikuwa na jibu. Nimekwenda Guangzhou mara saba kununua vipuri vya pikipiki, na noti hiyo imepita mkononi mwangu mara nisizoweza kuhesabu, lakini mgongo wake sikuwahi kuutazama. Kuna mto uliotulia, mtu kwenye chelezo cha mianzi, na nyuma yake milima imesimama mmoja mmoja, myembamba na mirefu. Mama kazaliwa Lushoto, akashushwa Tanga kwa kuolewa akiwa na miaka kumi na saba. Tangu hapo amekaa na bahari, lakini akiona mlima popote pale, hata kwenye kalenda ya dukani, anasimama.

Usiku huohuo nikatafuta. Ni mto Li, karibu na mji mdogo wa Xingping, kati ya Guilin na Yangshuo, jimbo la Guangxi. Kutoka Guangzhou ninakolala kila mwaka ni mwendo wa saa mbili na nusu hadi tatu tu kwa treni ya mwendokasi. Miaka yote hiyo nimekuwa nikilala karibu hivyo.

Nimeamua kumpeleka. Tutakuwa watatu: mama, mke wangu Mama Nasra, na mimi. Mwezi wa tisa, tuwe tumeshatoka kabla ya tarehe 1 Oktoba, kwa sababu sikukuu ya taifa lao huchukua wiki nzima na nchi nzima huwa barabarani. Mama Nasra amefungua daftari jipya. Ukurasa wa kwanza ameandika masharti manne: chakula cha halali kila siku, sala tano kwa wakati wake, magoti ya mama, presha ya mama. Mlima utakaoshindwa na sharti lolote kati ya hayo tunaufuta, hata uwe mzuri namna gani.

Jumapili, 19 Januari

Mpango wa kwanza tumeuandika kwa tamaa. Guilin, halafu Zhangjiajie kule Hunan, halafu Huangshan kule Anhui, siku kumi.

Zhangjiajie ndiyo iliyotuteka. Nguzo za mawe ya mchanga zaidi ya elfu tatu zimechomoza msituni, ukungu unapita katikati yake. Eneo lile, wanaloliita Wulingyuan, liliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1992. Kuna lifti iliyojengwa ubavuni mwa jabali, urefu wa mita 326, kwa hiyo nikaona magoti ya mama yamepata dawa. Upande wa mlima Tianmen kuna ngazi 999 za kufikia tundu kubwa lililotoboka mlimani, hizo hatuzigusi. Huangshan nayo ina kebo, yale magari yanayoning'inia kwenye waya, lakini ukishashushwa juu bado ni ngazi za mawe kutoka kilele hadi kilele. Mama Nasra ameweka alama ya kuuliza.

Jumapili, 2 Februari

Nimeomba bei kwa wakala mmoja wa safari. Leo ameleta ratiba, na kwenye kila siku ameandika chakula cha Kiislamu. Nikampigia kumuuliza ni chakula gani. Akasema ni mboga, wali na samaki, hakuna nguruwe, bwana usiwe na wasiwasi.

Wasiwasi ninao, kwa sababu nimekula China miaka mingi na ninajua mboga zake. Kule Hunan jiko la kawaida linakaangia mchicha kwa mafuta ya nguruwe, na tofu hunyunyiziwa nyama ya kusaga juu ili inoge. Nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi ndiyo fahari ya milima ile, imening'inia kwenye boriti za nyumba. Tena kwa Kichina neno *rou*, nyama, likisemwa peke yake bila kutaja mnyama, aghalabu ni nguruwe. Kwa hiyo mtu anaweza kukuapia kwa moyo mweupe kwamba chakula hakina kitu, kwa sababu kwake kijiko cha mafuta si nyama. Hapo sioni udanganyifu. Ninaona watu wawili ambao kila mmoja ana maana yake ya neno moja.

Nilimwomba wakala anitajie mkahawa mmoja tu wenye jiko la Kiislamu ndani ya hifadhi. Hakuwa nao. Nikauliza mjini, akasema atatafuta duka la tambi. Siku nne za mama za kula mikate na njugu mlimani, akiwa na dawa za presha za kunywa baada ya chakula? Hapana. Zhangjiajie imefutwa kwenye daftari, Huangshan imefuata. Mama Nasra alinyamaza kimya baada ya kuchora ule mstari. Picha ya zile nguzo bado iko kwenye simu yake.

Jumapili, 9 Februari

Leo mradi umegeuka, na aliyeugeuza ni muuza tambi.

Pale Xiaobei, mtaa wa Guangzhou ambako Waafrika na Waarabu wengi hufikia, kuna bwana mmoja ninayekula kwake kila safari. Ni Mhui, Mwislamu wa Kichina, mzaliwa wa Hualong, jimbo la Qinghai. Watu wa wilaya hiyo wametapakaa China nzima na maduka ya tambi za kuvutwa kwa mkono. Bango linasema Lanzhou, lakini mwenye duka mara nyingi ni mtu wa Hualong. Tunaongea kwa Kichina changu cha sokoni, na pale kinapokatika tunaunga kwa maneno ya Kiarabu tunayoyajua sote.

Nilimtumia ujumbe wa sauti nikamweleza habari ya mama na milima. Akacheka kwa furaha, akarudisha sauti ndefu. Kwa kifupi alisema: unatafuta mlima kisha unautafutia chakula, geuza. Tafuta kwanza wanapokaa Waislamu, milima utaikuta imewazunguka. Njoo kwetu.

Akanitumia picha za Zhangye, mji ulioko jimbo la Gansu, kwenye ule ukanda mrefu wa Hexi uliokuwa njia ya misafara ya hariri. Upande wa kusini kuna safu ya Qilian, vilele vyenye theluji, kilichozidi vyote ni zaidi ya mita 5,800, yaani karibu kuifikia Kilimanjaro. Na chini yake, kama kilomita 40 kutoka mjini, kuna vilima ambavyo sikuamini kuwa ni ardhi: michirizi myekundu, ya njano, ya kijivu, ya rangi ya machungwa, imelala mshazari, mmoja juu ya mwingine, kilima baada ya kilima. Wanaviita Danxia. Ni mawe ya mchanga na ya tope yaliyojipanga tabaka kwa tabaka, chuma kilichomo ndani yakayapa rangi, kisha ardhi ikakunjwa na kuinuliwa milima ilipopanda, matabaka yakalala upande. Mwaka 2020 UNESCO iliitambua Zhangye kuwa hifadhi ya kijiolojia ya dunia.

Nilimpelekea mama simu jikoni. Alikuwa na kili mbili zilizotiwa rangi begani, anazishona. Akaitazama picha, akatazama begani kwake, akatazama tena picha.

"Huu umesukwa," akasema.

Sikuongeza neno. Daftari limeandikwa: Guilin kwa ajili ya noti, Zhangye kwa ajili ya mama.

Jumatatu, 24 Februari

Ramadhani inaingia wiki hii panapo majaaliwa. Mradi unasimama hadi Idi. Kitu kimoja tu: mama amesema atasuka msala wa safari, mdogo, wa kukunjika, aubebe mwenyewe. Amemtuma kijana ukindu.

Jumamosi, 12 Aprili

Pasipoti ya mama. Tulifika saa mbili asubuhi, tukatoka saa nane, na sehemu kubwa ya muda huo ulikwenda kwenye vidole vyake. Mashine ilivikataa. Kijana wa pale, mwenye adabu sana, akamwambia, "Bibi, weka tena taratibu." Akaweka. Ikakataa. Miaka arobaini ya kuchana ukindu na kuvuta shona imemlainisha ncha za vidole, mistari imefutika. Kijana akaenda kuomba maji ya uvuguvugu, mama akaloweka mikono, ikapakwa mafuta kidogo, ikafutwa. Dole gumba la kulia likakubali, la kushoto likaja mara ya tisa. Kidole cha shahada cha kulia kilichukua nusu saa.

Nilikuwa nimesimama nyuma yake nikivitazama vidole vile juu ya kioo chenye mwanga wa kijani. Ndivyo vilivyonilipia ada ya shule.

Alhamisi, 15 Mei

Hospitali. Daktari amempima mama, akatazama ratiba yetu, akauliza swali moja la maana: urefu kutoka usawa wa bahari, na mtalala wapi.

Kwa hesabu zetu, Guilin iko chini, kama Tanga tu. Lanzhou ni mita 1,500 hivi, Zhangye mjini karibu 1,480, yaani Lushoto ya mama. Kwenye vilima vya Danxia kwenyewe ni kama 2,000. Hapo daktari hakuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa kwenye kile tulichoongeza kwa tamaa mwezi wa pili: kuvuka Qilian kwa gari kuingia Qinghai, njia ambayo kwenye vilele vyake inapita mita 3,500, kisha kulala karibu na ziwa Qinghai, mita 3,200. Maradhi ya mwinuko huanza kuwapata watu kuanzia 2,500 na kuendelea, na kwa mama mwenye presha akasema asingependa. Tukauondoa mvuko na ziwa palepale. Safu ya Qilian tutaitazama kutoka chini, na theluji huonekana vizuri zaidi kwa mtu aliye chini.

Pia amesema tusipande kwa mkupuo. Tulale Lanzhou usiku mbili kabla ya kuendelea. Mama Nasra amefurahi, maana Lanzhou alikuwa ameshaipenda kwa sababu zake, nitaziandika.

Jumapili, 8 Juni

Jana tumesali Idi, leo nyumba imetulia, nimekaa na nyakati za sala.

China nzima hutumia saa moja, ya Beijing, ingawa nchi ni pana mno. Ni saa tano mbele yetu. Zhangye iko mbali magharibi, kwa hiyo jua lake limechelewa kuliko saa ya ukutani: Adhuhuri huingia saa saba na robo mchana au zaidi. Kama tungekwenda mwezi huu wa sita, Magharibi ingekuwa saa tatu kasorobo usiku, Isha saa nne na dakika arobaini, na Alfajiri imeingia saa kumi. Mama hulala baada ya Isha na huamka kabla ya Alfajiri. Angepata usingizi wa saa tano. Mwezi wa tisa katikati siku na usiku vimekaribia kulingana: Alfajiri saa kumi na moja na nusu hivi, Magharibi saa moja na dakika ishirini, Isha saa tatu kasoro dakika kumi. Hapo mwili wake hautashangaa sana. Kwa watu wa ikweta kama sisi, ambao Magharibi yetu haisogei mwaka mzima, jambo hili ni rahisi kulisahau hadi limekukuta ugenini.

Halafu kuna mgongano mmoja nilioulizia kwa sheikh wa msikiti wetu. Rangi za Danxia hukolea saa ya mwisho kabla ya jua kuzama, mwanga ukija chini kwa ubavu. Na ndani ya hifadhi watu hupelekwa kwa mabasi kutoka jukwaa moja la kutazamia hadi jingine, hushuki unapotaka. Kwa hiyo Magharibi itatukuta juu ya kilima au ndani ya basi. Sheikh akasema: ninyi ni wasafiri, Alasiri mnaijamuisha na Adhuhuri, mnazisali pamoja, kabla hamjapanda, na Magharibi mna ruhusa ya kuichelewesha mkaisali pamoja na Isha hotelini, ila nia ya kuchelewesha iwepo kabla wakati wa Magharibi haujatoka. Akatukumbusha jambo jingine ambalo limeipanga upya ratiba yetu yote. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, msafiri akinuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, ruhusa ya kupunguza na kujamuisha inamwondoka. Basi hakuna mji tutakaolala zaidi ya usiku tatu.

Wahui wao wengi ni Hanafi. Adhana yao ya Alasiri itatufikia baadaye kuliko hesabu yetu, na kujamuisha kwao si mazoea. Nimemweleza mama mapema asije akadhani saa imeharibika.

Jambo la mwisho la leo limeninyima usingizi, kwa uzuri. Nimepiga hesabu ya kibla. Hapa Tanga kibla ni kaskazini, kwa wazee wa pwani maneno hayo mawili yalikuwa karibu neno moja. Kutoka Zhangye, Makka iko magharibi barabara, karibu bila kupinda hata nyuzi moja. Na tarehe tutakazokuwa kule, siku chache kabla ya usiku na mchana kulingana, jua huzama palepale. Mama akiwa juu ya kile kilima jioni, jua litakuwa linazama kwenye kibla.

Jumamosi, 5 Julai

Kazi ya leo ilikuwa Guilin, na Guilin imetufundisha kuhusu samaki.

Mtu wa pwani akiwa na shaka na nyama husema, nipe samaki. Yangshuo, mji ambako meli za mto Li hukomea, sifa yake kubwa ya mapishi ni samaki wa mtoni aliyepikwa kwa bia. Ndiyo sahani inayosukumwa mbele ya kila mgeni. Hata pasipo bia, samaki wengi huondolewa harufu kwa mvinyo wa kupikia. Kwa hiyo samaki amehamishwa kutoka safu ya salama akaingia safu ya kuuliza.

Lakini Guilin ina Waislamu wake wa siku nyingi. Jenerali Bai Chongxi, mmoja wa wakuu wa jeshi la Jamhuri ya China, alikuwa Mhui wa huko, aliyezaliwa 1893. Mjini kuna msikiti wa Chongshan, na tambi za mchele ambazo mji mzima hula asubuhi zina wapishi wake Waislamu wanaotumia ng'ombe badala ya nguruwe. Mpango: tunafikia mjini Guilin na si Yangshuo, tunakula kwa watu wetu, na siku ya meli tunabeba chakula chetu. Meli hushuka mto kwa saa nne hivi, na chakula kinachotolewa ndani hatutakihitaji. Mama atakaa dirishani tu. Hakuna ngazi. Noti ya yuan 20 anayo kwenye kanga, ameikunja mara nne.

Mama Nasra alipendekeza matuta ya mpunga ya Longji, kwa kuwa mwishoni mwa mwezi wa tisa huwa yanaanza kuwa ya dhahabu. Ni zaidi ya saa mbili kwa gari, kisha kupanda. Nimeyapenda. Tumeyaacha.

Jumapili, 20 Julai

Sababu za Mama Nasra kuipenda Lanzhou: bakuli la tambi za ng'ombe. Yeye ni mpishi wa shughuli, amepika harusi nusu ya Ngamiani, na hawezi kusikia habari ya supu akakaa. Wenyeji wanasema bakuli la sawasawa lazima liwe na vitu vitano: supu safi inayoonesha hadi chini ya bakuli, figili nyeupe, mafuta mekundu ya pilipili, majani ya kijani ya giligilani na vitunguu saumu, na tambi za umanjano. Unga mmoja, mkono mmoja, na unachagua upana: kuna ile nyembamba kama unywele, na kuna ile pana kama mkanda. Huko ni chakula cha asubuhi, na bei yake haizidi sana yuan kumi. Mji wenyewe mto Manjano unapita katikati yake.

Ameandika kwenye daftari herufi mbili kubwa, amezifanyia mazoezi kama mtoto wa chuoni: 清真. Zinasomwa *qingzhen*, ndiyo halali ya China, na maana ya herufi zenyewe ni safi na kweli. Zamani kando yake palikuwa na maandishi ya Kiarabu, na ndivyo tulivyozoea kutambua. Miaka hii mabango mengi yameondolewa Kiarabu, zimebaki herufi hizo tu. Mtu asiyezijua atapita nje ya mlango wa ndugu yake akiwa na njaa. Chini yake ameandika na ile ya kuepuka, 猪, nguruwe. Ameinakili kwenye karatasi tatu, moja kwa kila mtu.

Katika kutafuta picha za misikiti ya kaskazini magharibi niliangalia wa Dongguan kule Xining, mkubwa kuliko yote Qinghai, ulioanza zama za nasaba ya Ming. Picha za zamani zina kuba za kijani. Za sasa hazina, ziliondolewa 2021. Nilimwuliza bwana wa tambi. Akanijibu kwa maneno machache kwamba safu bado zinajaa Ijumaa. Moyo uliniuma na nikashukuru kwa pamoja. Tumekubaliana nyumbani: tunakwenda kusali, tunasalimia, hatupigi picha watu wakisali, hatubebi vitabu vya kugawa, kila mtu msahafu wake mdogo.

Jumatano, 13 Agosti

Viza zimetoka, zote tatu, za utalii. Zangu za nyuma zote zilikuwa za biashara, nikaigeuza pasipoti mara mbili kuhakikisha herufi. Walitaka tiketi za kwenda na kurudi na mahali pa kulala kila usiku, na kwa kuwa daftari la Mama Nasra lilikuwa na kila usiku, tulijaza bila kupapasa.

Ratiba ya mwisho, kwa wanaofuatilia. Tunaondoka Dar es Salaam tarehe 10 Septemba kupitia Addis Ababa, na chakula cha Kiislamu cha ndegeni kimeshaombwa. Ijumaa ya tarehe 12 tunasali Guangzhou, msikiti wa Xianxian, penye kaburi ambalo wenyeji wanalinasibisha na sahaba Saad bin Abi Waqqas. Tarehe 13 hadi 16 Guilin. Tunarudi Guangzhou na kuruka siku hiyohiyo hadi Lanzhou, usiku mbili. Tarehe 18 treni hadi Zhangye, kama kilomita 500, usiku tatu. Halafu nyumbani.

Fedha: programu za malipo za simu sasa zinakubali kadi zetu, lakini mama nitampa noti kidogo, anapenda kulipa kwa mkono. Laini ya simu nimechukua ya kutumia nje, kwa sababu WhatsApp kwa intaneti ya hoteli kule haifunguki, na Nasra lazima aongee na bibi yake kila jioni.

Jumapili, 24 Agosti

Tumefunga mabegi kwa majaribio. Vyoo vya treni na vya hifadhi havina maji ya kustanjia, kwa hiyo kila mtu ana chupa yake yenye mdomo mwembamba. Zhangye hupata mvua milimita 130 hivi kwa mwaka mzima, hewa ni kavu, na usiku wa mwezi wa tisa joto hushuka chini ya nyuzi 10. Mama nimemnunulia khufu za ngozi, azivae akiwa na udhu, apanguse juu badala ya kuosha miguu. Msafiri ana siku tatu na usiku wake. Akazivaa akatembea ukumbini na fimbo, kutoka mlangoni hadi kabatini na kurudi, mara ishirini, Mama Nasra anahesabu. Hizi ndizo hatua za jukwaa la Danxia kwa makadirio yetu. Hakushika ukuta.

Vyakula: tende, bisi, mkate wa kumimina wa siku mbili za mwanzo, tangawizi ya unga, na pilipili ya kusaga ambayo Mama Nasra anaamini Lanzhou itataka kuionja.

Picha za Danxia nimemwonya mama juu yake. Nyingi zimekolezwa rangi na kompyuta. Kwa macho matupu, mchana wa jua kali, vilima vimefifia. Rangi huja baada ya mvua na jioni. Sitaki afike pale akadhani amekosea mahali. Akanijibu, "Ukindu nao ukitoka kwenye rangi unang'aa, ukikauka unatulia. Nitaujua."

Jumapili, 31 Agosti

Msala umekamilika jana. Una kili tano: nyekundu, ya manjano, nyeupe isiyotiwa rangi, zambarau, tena nyekundu. Amezishona mshazari kidogo, si wima kama misala yake yote ya nyuma, na nilipomuuliza kwa nini, akanionesha simu yangu kwa kidevu.

Kilichobaki ni treni. Tiketi hufunguliwa siku 15 kabla, ukihesabu na siku ya safari yenyewe, kwa hiyo ya Zhangye inafunguliwa Alhamisi hii. Ninataka viti upande wa kushoto, maana ukitoka Lanzhou safu ya Qilian inakaa kushoto kwako. Bwana wa tambi ameahidi kukaa na simu yake Xiaobei, nami nitakaa na yangu hapa, atakayewahi anunue. Mama kauliza tena kibla ya kule iko wapi. Nikamtoa uani, jua lilikuwa linashuka nyuma ya paa la jirani, nikamwonesha.

Akautandika msala pale uani kuelekea jua, si kwa kusali, Alasiri alishaisali. Akarudi hatua mbili akautazama. Kisha akaukunja, akauweka juu ya begi.